Gundi Tunayoagiza Nje Imo Kwenye Magome na Maganda Yetu

Mjadala wa viwanda jijini Arusha umezoea kuanzia na kuishia General Tyre. Kiwanda kile cha matairi kilifanya kazi kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kusimama, na tangu hapo swali la kukifufua limekuwa likirudi bungeni na majukwaani bila kuchoka. Sina ugomvi na wanaolililia tairi. Lakini macho yetu yamekaa kwenye kiwanda kimoja kikubwa kwa muda mrefu kiasi kwamba hatuoni viwanda vya ukubwa wa kati ambavyo jiji hili lingeweza kuvibeba leo, kwa malighafi ya ndani na soko lililopo tayari. Kimojawapo ni kiwanda cha resini za fenoli, yaani gundi ngumu inayoshika mbao za tabaka, pedi za breki, diski za kukatia chuma na vifaa vya umeme. Tunaitumia kila siku na tunainunua nje, ikiwa kwenye mapipa au ikiwa imeshafichwa ndani ya bidhaa zilizokamilika. Ninachosema ni kwamba Tanzania haihitaji kusubiri kiwanda cha mafuta ya petroli ili ianze kuitengeneza, kwa sababu fenoli ya kutosha kuanzia imo kwenye magome ya miwati ya Njombe na maganda ya korosho ya kusini, na Arusha ina sababu nzuri za kuwa mahali pa kuigeuza kuwa bidhaa.

Tuanze na kitu ambacho kila msimamizi wa ujenzi anakijua. Chukua kipande cha marini bodi, ule ubao wa kahawia iliyoiva uliofunikwa na ngozi laini, unaotumika kushikilia zege mpaka likauke. Ukiutazama ubavuni utaona tabaka za mbao nyembamba zilizopishana, na katikati ya kila tabaka mbili mstari mwembamba mweusi kama wino. Mstari huo ndio resini ya fenoli, na ile ngozi ya juu nayo ni karatasi iliyoloweshwa resini hiyohiyo kisha ikakandamizwa kwa joto. Ubao wa milimita 18 wenye tabaka 11 una mistari kumi ya gundi, na kila mstari una eneo la karibu mita tatu za mraba. Kwa kipimo cha kawaida cha gramu 150 hivi za gundi kwa mita ya mraba, ubao mmoja unakula kilo nne na ushee za gundi iliyochanganywa. Jaribio linalotenganisha gundi hii na nyingine ni rahisi na ni la siku nyingi: kipande huchemshwa kwa saa 72. Ubao ulioungwa kwa gundi ya urea, ile nyeupe ya bei nafuu, huachana mapema sana ndani ya maji hayo. Wa fenoli hutoka ukiwa mzima. Fundi anayelalamika kwamba bodi zake zimefumuka baada ya kumwaga zege mara mbili au tatu, ilhali za mwenzake zimefika mara kumi na kuendelea, mara nyingi analalamikia tofauti ya gundi, ingawa aliyemuuzia alimwambia zote ni marini.

Resini hii ni ya kale kuliko plastiki nyingi tunazozijua. Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, aligundua mwaka 1907 namna ya kuunganisha fenoli na fomaldehidi kwa joto na shinikizo ili kupata kitu kigumu kisichoyeyuka tena, akakipatia hataza mwaka 1909 kwa jina la bakelaiti. Hiyo sifa ya kutoyeyuka ndiyo iliyoifanya idumu sokoni kwa zaidi ya karne moja wakati plastiki nyingine zikija na kupita. Mpini mweusi wa kikaango, kitako cha swichi ya zamani, ubao wa fomeka juu ya meza ya mgahawa, msasa wa seremala, mchanga wa kalibu za kusubu chuma, povu la kuzuia joto kwenye kuta za majengo: vyote hivi hutegemea fenoli iliyokamatana na fomaldehidi. Duniani hutengenezwa mamilioni ya tani za resini hizi kila mwaka, na fungu kubwa huenda kwenye mbao za kuungwa. Kwa hiyo mahitaji yake hufuata mambo mawili ambayo Afrika Mashariki inayo kwa wingi kwa sasa, yaani ujenzi na magari.

Hapa Arusha mahitaji hayo hayahitaji kutafutwa kwa tochi. Ujenzi wa uwanja wa mpira wa kata ya Olmoti, ulioanzishwa kwa ajili ya mashindano ya AFCON ya mwaka 2027, pamoja na hoteli, maghorofa na barabara zinazoongezeka kutoka Ngaramtoni hadi Usa River, ni kazi za zege, na zege la kisasa halisimami bila bodi za kulishikilia. Upande wa magari, jiji hili ndilo kituo cha utalii wa kaskazini. Gari linaloteremka barabara ya Seneto kuingia kreta ya Ngorongoro hushuka karibu mita 600 likiwa limejaa wageni na mizigo, na kazi ya kulizuia inafanywa na pedi za breki ambazo ni unga wa nyuzi, madini na chembe za chuma ulioshikwa pamoja na resini ya fenoli. Resini hiyo hufikia takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa pedi, na ikiwa duni, joto la mteremko huanza kuivunja na breki hulegea mguuni mwa dereva. Ongeza karakana za kuchomelea za eneo la Unga Limited zinazomaliza diski za kukatia chuma kila siku, na wakata vito wanaosafisha tanzanaiti ya Mirerani kwa magurudumu ambayo baadhi yake yameshikwa na resini ya aina hii. Hakuna hata mmoja kati ya watumiaji hawa anayeingia dukani kuomba fenoli. Anaomba bodi, pedi au diski, na ndiyo maana soko hili halionekani kwenye hesabu zetu, ingawa fedha zake zinatoka mifukoni mwetu kila wiki.

Ni haki kuuliza kwa nini basi tusifanye kama wenzetu wa Asia na Ulaya, tukajenga kiwanda cha fenoli chenyewe. Jibu liko kwenye kemia na kwenye ukubwa. Fenoli ya viwandani duniani karibu yote hutokana na benzini na propilini, mazao ya viwanda vya kusafisha mafuta na vya petrokemikali. Njia kuu huzalisha asetoni pamoja na fenoli, karibu kilo 600 za asetoni kwa kila tani ya fenoli, hivyo mzalishaji lazima awe na soko la vyote viwili. Mitambo ya aina hiyo hujengwa kwa kiwango cha mamia ya maelfu ya tani kwa mwaka, kwa sababu ikiwa midogo haijilipi. Tanzania haina tena hata mtambo wa kusafisha mafuta: TIPER ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1966, iliacha kazi hiyo karibu na mwaka 2000 na kubaki ghala. Gesi yetu ya Songo Songo, inayotumika tangu 2004, ni methani karibu yote. Methani inaweza kuzaa methanoli, na methanoli ikazaa fomaldehidi, kwa hiyo siku moja nusu ya pili ya resini inaweza kutoka Lindi. Lakini benzini haimo humo. Anayeahidi kiwanda cha fenoli ya petroli katika nchi yetu kwa miaka ya karibuni anaahidi kitu ambacho hesabu haiwezi kukibeba, na jiji lililoumizwa na kusimama kwa kiwanda kikubwa lina haki ya kuikataa ahadi hiyo.

Lakini fenoli haitoki kwenye petroli pekee. Mimea huitengeneza kwa wingi, tena katika maumbo ambayo hukamatana na fomaldehidi kama fenoli ya kiwandani, na mengine kwa kasi kubwa zaidi. La kwanza ni tanini ya mwati. Kampuni ya Tanganyika Wattle, maarufu kama TANWAT, ilianzishwa Njombe mwaka 1949 na shirika la maendeleo la serikali ya kikoloni la Uingereza kwa ajili ya kukamua tanini kwenye magome ya miti hiyo. Kwa miongo mingi unga wa tanini hiyo umetumika kulainisha ngozi na kuuzwa nje. Kenya nayo ilikuwa na kiwanda kama hicho Eldoret. Wateja wakuu walikuwa watengenezaji wa ngozi, na walipohamia kemikali za kromiamu soko likapungua. Afrika Kusini, ambayo ina mashamba makubwa ya mti huohuo huko KwaZulu-Natal, ilikabili tatizo hilo kwa njia ambayo sisi hatujaifuata. Katika miaka ya 1970, watafiti wake, akiwamo mkemia Antonio Pizzi, walitengeneza gundi za mbao za kutumika nje kutokana na tanini ya mwati, na viwanda vya chipbodi na plaiwudi vikaanza kuzitumia kibiashara. Miaka ile bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla na fenoli ya petroli ikawa ghali. Wao walipata mlango pale ambapo wengine waliona ukuta, na gundi hizo hazikuachwa hata bei zilipotulia. Mti ni uleule, gome ni lilelile, na sisi tunalo.

La pili ni ganda la korosho, na hapa hasara yetu ni kubwa zaidi. Kati ya mbegu na ngozi ya nje ya korosho kuna majimaji meusi mazito yanayochoma ngozi. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono wanayajua kwa makovu ya vidole. Majimaji hayo ni fenoli ya asili. Yakipashwa joto, sehemu yake kubwa huwa kadanoli, fenoli yenye mkia mrefu wa mafuta, ambayo huipa resini sifa ya kutopasuka na kutopenyeza maji. Watengenezaji wa breki Marekani waliitambua faida hiyo kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo unga wa resini ya korosho huwekwa ndani ya pedi ili breki zishike kwa ulaini na zisipige kelele. Ganda ni karibu asilimia 70 ya uzito wa korosho ghafi, na majimaji ni kama robo au moja ya tano ya ganda. Hesabu yake ni nyepesi: kila tani 10,000 za korosho zinazobanguliwa nchini zinaacha tani 7,000 hivi za maganda, na humo kuna si chini ya tani 1,400 za majimaji. Msimu wa 2017/18 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 313,000 za korosho, na msimu wa 2024/25 ikavuka tani 500,000. Sehemu kubwa mno ya mavuno hayo huondoka ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na fenoli yake ikiwa ndani. Wenzetu hao hukamua maganda hayo, huuza majimaji yake kwa watengenezaji wa resini, na sisi hununua pedi za breki.

Ujuzi wa jambo hili haujakosekana nyumbani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa kemia ya ganda la korosho kwa miaka mingi; Profesa Egid Mubofu na wenzake wamechapisha kazi zinazosomwa kimataifa kuhusu namna ya kugeuza taka hiyo kuwa kemikali za thamani. Kilichokosekana ni mnunuzi wa ndani. Mbanguaji wa Mtwara hawezi kufunga mtambo wa kukamua majimaji ikiwa hajui nani atayanunua, mkemia hawezi kuitoa resini maabara ikiwa hakuna kiwanda cha mbao kinachoijaribu kwenye mashine, na mwenye kiwanda cha mbao hataacha gundi anayoifahamu kwa ajili ya chupa ya sampuli. Kila mmoja anamsubiri mwenzake. Mzunguko huo hukatwa na mahali ambapo mbao, magari, maabara na karakana vinakaa karibu kiasi cha kuonana, na hapo ndipo Arusha inapoingia.

Chini ya Mlima Meru kuna Shamba la Miti la Meru-Usa, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu, lenye misindano, misipresi na migrevilea. Kuna kiwanda cha mbao za nyuzi, Fibreboards, ambacho kwa miaka mingi kimelifanya jiji hili kuwa mojawapo ya sehemu chache za nchi zenye uzoefu wa mbao zisizo za kupasuliwa tu. Tengeru kuna Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2011 na ambayo mojawapo ya skuli zake inashughulika na sayansi ya vifaa, nishati, maji na mazingira. TEMDO, taasisi ya umma iliyoundwa mwaka 1980 kubuni mitambo, ina makao yake hapahapa, na Chuo cha Ufundi Arusha kinatoa mafundi sanifu kila mwaka. Njia za kutoka ni Namanga kwenda Nairobi, ambako soko la mbao na magari ni kubwa kuliko letu, na reli inayounganisha jiji na bandari ya Tanga, ambayo treni zake zilirudi Arusha mwaka 2020. Mtambo wa kupika resini si jambo la kutisha: ni chungu kikubwa cha chuma chenye kichanganyio, koti la kupashia na kupoozea, na kipozeo cha mvuke, kikifanya kazi kwa joto lisilozidi la maji yanayochemka. Taasisi yenye karakana inayobuni mitambo inaweza kukiunda.

Sasa nizikabili hoja za wanaopinga, kwa sababu ni nzito na zinastahili majibu. Ya kwanza ni umbali. Njombe iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Arusha, Mtwara takriban kilomita 1,200, na mtu anaweza kusema kwamba kiwanda kiwekwe huko au Mafinga, ambako viwanda vya plaiwudi ni vingi kutokana na msitu wa Sao Hill. Nakubali nusu ya hoja hii. Kukamua tanini kubaki Njombe na kukamua majimaji ya korosho kubaki kusini, kwa kuwa haina maana kusafirisha magome na maganda. Mafinga nayo itahitaji mtambo wake wa gundi kadiri inavyopanda kutoka plaiwudi ya ndani ya nyumba kwenda marini bodi. Lakini kinachosafirishwa kuja Arusha ni unga mkavu wa tanini na mapipa ya mafuta ya korosho, mizigo isiyoharibika na yenye thamani kwa kila kilo, wakati resini ya maji iliyopikwa tayari huanza kuganda baada ya wiki chache na karibu nusu yake ni maji. Gundi hupikwa karibu na mtumiaji. Ndivyo ilivyo kwa viwanda vya mbao popote duniani, na ndiyo sababu kanda ya kaskazini inahitaji chungu chake.

Hoja ya pili ni bei na ubora. Resini ya nje ni rahisi, imezoeleka, na haibadiliki kutoka pipa moja hadi jingine. Tanini ya mmea hubadilika kwa msimu, ni nzito kupaka na huganda haraka kuliko fundi anavyotaka. Yote ni kweli. Afrika Kusini ilikutana nayo na ikayatatua kwa kusafisha dondoo, kubadili kigumishaji na kuchanganya tanini na fenoli ya kawaida kwa uwiano. Huko kuchanganya ndiko tunakopaswa kuanzia. Hakuna haja ya kuiondoa fenoli ya petroli yote siku ya kwanza. Ukiibadilisha sehemu yake tu kwa tanini au kadanoli, gundi inabaki kupita jaribio la kuchemshwa, mzalishaji anajifunza kwa hasara ndogo, na kila ongezeko la sehemu hiyo ni fedha ya kigeni isiyotoka. Kuhusu bei, tukumbuke kwamba fenoli hupanda na kushuka na mafuta ghafi, na shilingi nayo ina siku zake. Mwenye kiwanda wa Arusha anayeagiza mapipa hubeba hatari zote mbili pamoja na nauli ya bahari. Malighafi ya ndani inaweza isiwe rahisi kila mwezi, lakini bei yake haipangwi na soko la mafuta la mbali.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni afya na maji. Fomaldehidi iliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2004, kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Fenoli huunguza ngozi na huua samaki hata ikiwa kidogo. Themi, Naura, Burka, Nduruma na Usa ni mito inayotoka mlimani na kupita kwenye mashamba ya mboga na nyumba za watu; kiwanda cha kemikali kinachomwaga maji machafu humo kingekuwa balaa, na hakuna ajira ya kulipia hilo. Kwa hiyo sharti liwe wazi tangu mchoro wa kwanza: mtambo uliofungwa, maji ya kuoshea yarudishwe kwenye pishi linalofuata badala ya kumwagwa, na eneo lichaguliwe mbali na kingo za mito, kwa tathmini ya baraza la mazingira, NEMC, iliyofanywa kabla ya jiwe la msingi. Lakini tuseme pia upande wa pili. Resini ya fenoli ikishaiva hushikilia fomaldehidi yake kwa nguvu, wakati gundi ya urea, iliyojaa kwenye makabati na vitanda vya chipbodi vya vyumba vyetu vya kulala, huiachia polepole kwa miaka. Na tanini inaweza kugumishwa kwa heksamini, ambayo karibu haitoi mvuke wa fomaldehidi kwenye ubao uliokamilika. Anayejali afya ya mtumiaji ana sababu ya kuipendelea gundi hii, mradi afya ya mfanyakazi na ya mto ilindwe kwa dhati.

Hilo la mazingira lina tawi jingine ambalo wapenda viwanda hulisahau. Mwati ni mti mvamizi unaokunywa maji mengi na kusambaa wenyewe. Isije ikatokea mtu akapendekeza kuupanda kwenye miteremko ya Meru juu ya chemchemi zinazolisha jiji, kwa kisingizio cha malighafi. Mashamba yaliyopo kusini yanatosha kwa hatua ya kwanza. Mchango wa Meru ni mbao zake, na faida ya gundi bora ni kwamba mbao ndogo, zilizopinda au za kupogolewa, ambazo leo huishia kuni, zinaweza kuungwa zikawa bodi na boriti. Shamba linatoa thamani zaidi bila kuongeza hata ekari moja.

Ya mwisho ni historia yenyewe. Viwanda kumi na viwili vya korosho vilivyojengwa miaka ya 1970 kwa mikopo ya kimataifa vilinyamaza karibu vyote katika muongo uliofuata, na General Tyre ikaja kusimama baadaye. Kwa nini hiki kisiwe kama vile? Viwanda vya korosho vilijengwa kwa uwezo mkubwa kuliko mavuno yaliyokuwa yakiporomoka, na kwa mitambo iliyotegemea vipuri vya nje. Tairi nalo lilihitaji mtaji wa uendeshaji mkubwa na kila siku lilishindana na tairi za nje. Kiwanda cha gundi cha ukubwa wa kati hukua kwa kuongeza chungu kimoja baada ya kingine, kikifuata maagizo. Fungu kubwa la mauzo yake lazima liwe gundi ya mbao, kwa sababu breki hutumia kidogo. Pedi na diski ni bidhaa za kuongeza faida baadaye, wafanyakazi wakishaimudu kazi. Ukubwa unaofuata soko ndilo somo tulilolipia kwa viwanda hivyo, na ni somo la kutumiwa.

Serikali haitakiwi kumiliki chungu hata kimoja. Kazi yake ni tatu, na zote ziko ndani ya uwezo wake. Shirika la Viwango, TBS, liikague kwa ukali marini bodi inayoingia na inayotengenezwa nchini kwa kuichemsha, na ubao usiopita uuzwe kwa jina lake halisi. Hapo bodi duni haitamshinda mtengenezaji mwaminifu kwa bei. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatoa nafasi ya kupendelea bidhaa za ndani. Itumike kwenye shule, vituo vya afya na viwanja, ili bodi na madawati yaliyoungwa kwa gundi yenye sehemu ya malighafi ya nyumbani yapate mteja wa uhakika kwa miaka ya mwanzo. Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapahapa Arusha, iliweka ushuru wa asilimia 35 kuanzia Julai 2022 kwa bidhaa kadhaa zikiwamo samani. Ushuru huo utalinda maseremala kwa dhati pale tu gundi na bodi wanazotumia zitakapopatikana ndani kwa ubora uleule. Upande wa taasisi, Nelson Mandela, TEMDO na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakae meza moja na mwenye kiwanda cha mbao na mbanguaji wa korosho, wakubaliane kupika tani chache za kwanza na kuzijaribu kwenye mashine halisi. Bodi zitakazotoka zipelekwe kwenye maeneo ya ujenzi ya jiji hili, zimwagiwe zege mara kumi, na matokeo yake yatangazwe hadharani, yawe mazuri au mabaya. Mjadala wa viwanda Arusha uanzie hapo.